Mama mkwe alitaka kumpeleka mwanangu wa wiki saba akakatwe kimeo. Naweka vipi mipaka bila kuvunja nyumba?

Mama Kifungua Mimba

Wakuu, habari za usiku. Naandika huku nanyonyesha, saa nane hii ya usiku, kwa hiyo mkikuta nimeruka neno mnisamehe. Uzi ni mrefu.

Nina mtoto wa kiume, wa kwanza, ana wiki saba. Tunaishi Tabata, tumepanga vyumba viwili na sebule. Mama yangu mzazi alishatangulia mbele za haki, hivyo mimba ilipokaribia mume wangu alimwomba mama yake aje kunilea uzazi. Akaja kutoka mkoani na begi moja na kuku wawili. Nisiwe mnyimi wa fadhila: yule mama alinikanda maji ya moto asubuhi na jioni, alinipikia supu na uji wa pilipili manga, alifua nepi zote kwa mkono. Mtoto akilia usiku alikuwa anaamka kabla yangu. Mjukuu anamwita "mume wangu", na ukimwona anavyomtazama huwezi kusema hampendi.

Ila kuna mambo. Siku ya tatu tangu tutoke hospitali nilimkuta anampa maji ya sukari kwa kijiko. "Mume wangu koo limemkauka, maziwa yako bado hayajashuka." Nikamwomba asimpe. Akanyamaza. Kesho yake naenda kuchukua birika, nyuma yake nakuta kile kijiko, sisimizi wamejipanga juu yake mstari mzima.

Kitovu nacho. Kila nikimbadilisha nepi alikuwa anakimbia kuweka kiganja, kisije kikadondokea sehemu za siri mtoto akakosa nguvu za kiume ukubwani. Hilo nililiacha, halimdhuru mtu, na mara nyingine niliweka kiganja mimi mwenyewe ili aendelee kupika kwa amani. Lakini alipoleta mafuta na majivu ya kupaka kitovuni nilikataa. Kofia ya sufi, soksi na blanketi juu yake kwenye joto hili la Dar, tunavutana kila siku. Wanja, tunavutana.

Sasa wiki hii mtoto ameanza kukohoa, pua imeziba. Jumatano nilikwenda ofisini kusaini karatasi za likizo, saa tatu tu, nimeacha maziwa nimekamua. Narudi nakuta bajaji getini, injini inanguruma. Mama mkwe yuko ndani, mtoto kaviringwa kanga mbili na kofia, nyusi zimechorwa wanja. Kwenye pindo la kanga yake kuna fundo, na najua fundo lile ndiyo pochi yake. Nikamuuliza, "Mama, mnakwenda wapi?" Akaniambia, "Hapo tu kwa mzee mmoja, mwanangu, tunarudi sasa hivi. Kimeo kimemshukia, ndiyo maana anakohoa. Ni dakika mbili tu."

Dereva akageuza uso pembeni.

Nilimchukua mtoto kwa nguvu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Na nilisema, "Huyu ni mtoto wangu, sio wako!" Hayo maneno ndiyo yananinyima usingizi kuliko kikohozi. Alishuka, akafungua fundo, akamlipa dereva kwa usumbufu, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hali na sisi. Wifi yangu mkubwa ameandika kwenye grupu la familia kwamba mama yao amefukuzwa kama mbwa na msichana aliyesoma. Mume wangu anasema, "Sisi tulikatwa wote saba, mbona tuko hai?"

Likizo yangu ya siku 84 niliianza wiki mbili kabla ya kujifungua, zimebaki wiki tatu. Mpango wetu ulikuwa huyuhuyu mama abaki na mtoto nikirudi kazini. Dada wa kazi hatuna na hatumjui wa kumwamini. Naomba ushauri wa watu waliopitia. Msinitukanie mama mkwe wangu tafadhali, na msiniambie nivumilie tu.

Kanga Mbichi

Pole dada. Mimi ningemkatia tiketi kesho asubuhi. Mtoto ni wako, kisu hakina msamaha. Akikusubiri ukienda kazini je? Nani atakuwa getini?

Nafuatilia Tu

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Wasikutishe na mambo ya ukoo.

Muuguzi Mstaafu

Mama, pole. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, sasa nimepumzika. Naanza na mtoto, ukoo utafuata.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila binadamu anacho, simama mbele ya kioo ufungue mdomo utakiona chako. Hakishuki. Mtoto akipata mafua koo zima linavimba na kuwa jekundu, kimeo nacho kinakuwa chekundu, mzee anamulika tochi anasema "mnaona?" Akikikata, baada ya siku kadhaa kikohozi kinaisha, kama ambavyo kingeisha bila kukatwa, na shukrani zinakwenda kwake. Ndiyo maana imani hii haifi. Waliopona wanasimulia, waliozikwa hawasimulii.

Niliyoyaona mimi: damu isiyokata, kidonda kinachooza na sumu kuingia kwenye damu, mtoto kushindwa kunyonya kwa maumivu. Na kile kisu hujui kimepita kwa nani kabla, kwa hiyo weka pepopunda, homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Mtoto wa kilo tano, damu yote aliyonayo mwilini haifiki nusu lita. Chukua chupa ndogo ya maji ya kunywa uitazame. Ndiyo hiyo, na haijai.

Sasa kikohozi chenyewe. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, washa saa ya simu, hesabu pumzi dakika moja kamili. Kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili, zikifika 60 au kuzidi, hesabu mara ya pili. Zikiwa bado 60, nenda hospitali usiku huohuo. Vilevile ukiona nyama ya chini ya mbavu inazama ndani kila akivuta pumzi, au amekataa kunyonya, au degedege, au kwapani joto limefika 37.5, au mwili umepoa chini ya 35.5, au amelegea hajitikisi mpaka umguse. Akishatimiza miezi miwili mpaka mwaka, kikomo ni 50.

Pua iliyoziba, matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, tone moja moja kabla ya kunyonya. Dawa ya kikohozi ya chupa usimpe. Asali usimpe, hata ya kulamba kwenye kidole, mpaka apite mwaka mmoja. Ina vijidudu vinavyoweza kumlegeza misuli yote hadi ya kupumulia.

Nijibu maswali mawili. Nyumbani nani mwingine anakohoa? Na jiko la mkaa mnapikia wapi?

Mama Kifungua Mimba

Asante sana dada muuguzi. Nimehesabu mara tatu, nimepata 46, 43, 45. Ananyonya. Jiko linakaa kwenye korido mvua ikinyesha, ndipo ulipo mlango wa chumba chetu. Anayekohoa ni shemeji, mdogo wake mume wangu, analala sebuleni. Kama wiki tatu sasa. Anasema ni vumbi la kazi, yuko kwenye ujenzi.

Muuguzi Mstaafu

Kikohozi cha wiki mbili na kuzidi kinapimwa TB, kuna vumbi au hakuna. Vituo vya serikali wanapima bure na dawa ni bure. Chanjo ya bega aliyopata mwanao siku za mwanzo inasaidia sana TB isimwingie kichwani na mwili mzima, lakini haimfanyi kuwa ukuta. Akikutwa nayo mtu wa nyumba moja, mtoto wa chini ya miaka mitano anapimwa na akiwa mzima anapewa dawa ya kinga. Shemeji asimshike mtoto mpaka majibu yatoke. Na jiko litoke kwenye korido leo. Moshi unamkohoza, na mkaa ukiwaka penye hewa finyu unaua watu wazima wakiwa usingizini.

Pwani Mchangani

Sikutaka kuandika, lakini nimeshindwa kupita.

Mwanangu alikatwa kimeo akiwa na miezi mitano. Hakuna mama mkwe wa kumlaumu, nilimpeleka mwenyewe, na jirani yangu akanishikia kichwa cha mtoto. Ilikuwa asubuhi. Mzee alisema atatema mate mekundu kidogo. Saa sita alikuwa bado anameza, anameza, kama ananyonya kitu kisichoonekana. Sikujua kwamba anachomeza ni damu. Alipotapika ndipo nikaiona, nyeusi, imejaa kwenye kitenge nilichombebea. Nilipofika hospitali midomo yake ilikuwa na rangi ya karatasi. Alichomwa sindano kila mahali kutafuta mshipa, mwisho wakaupata kichwani. Aliongezewa damu.

Yuko darasa la pili leo, mzima. Kikohozi chake, niliambiwa hospitali, kilikuwa mafua ya kawaida.

Mama Kifungua Mimba, yale maneno uliyosema getini utayaombea radhi. Mtoto uliyemtoa kwenye bajaji usimwombee radhi mtu yeyote.

Baba Mapacha

Naongea na mumeo kupitia wewe, kwa sababu niliwahi kuwa yeye.

Mama yangu alikuja kwetu Gongo la Mboto mapacha wakiwa na mwezi. Wakifika miezi miwili akaanza uji, "watoto wa kiume wawili titi moja halitoshi". Mke wangu akakataa. Siku kumi na moja wanawake wawili wa nyumba yangu hawakusemezana, na mimi nilichofanya ni kupanda daladala ya kwanza na kurudi ya mwisho. Nilijiona mwenye busara, sijaegemea upande. Kumbe uji ulikuwa unaendelea mchana. Mmoja akaharisha mpaka utosi ukabonyea. Tulilala wodini usiku tatu.

Tuliporudi nilimkalisha mama nyuma ya nyumba, juu ya mkeka, tukaongea kwa lugha yetu ya nyumbani. Sikumleta mke wangu, sikuleta simu. Nilimwambia: "Mama, hawa ni wajukuu zako na wewe ndiye mkubwa wa hapa. Lakini kitu chochote kikiingia mdomoni mwa mtoto bila mimi kujua, aliyekosewa ni mimi mwanao, sio mke wangu." Alilia. Nami nililia. Uji ulikoma siku ile.

Mke akisema, anaonekana mkwe mkaidi. Kwa hiyo mumeo akae na mama yake, aongee yeye. Na kwenye grupu la WhatsApp asijibu chochote, ampigie dada yake simu. Hilo la "wote saba tuko hai", mwambie amuulize mama yake kwa upole: alizaa wangapi?

Kanga Mbichi

Njia rahisi ni kusema "daktari amekataa". Hana wa kubishana naye. Mimi nilitumia hiyo kwa maji, kwa uji, kwa kumbusu mtoto mdomoni, kwa picha kuwekwa status kabla ya arobaini, kila kitu daktari.

Muuguzi Mstaafu

Kwa wageni wa dakika kumi sawa. Kwa mtu atakayebaki na mtoto kutwa nzima, hapana. Daktari hayupo jikoni. Siku bibi akipata wasiwasi saa saba mchana, akiwa peke yake, kinachomzuia mkono ni kile anachokielewa na kukiamini. Mfundisheni sababu.

Bibi wa Watano

Wanangu, shikamooni hamjaniamkia, lakini nawasamehe, nami nina neno. Nina wajukuu watano, watatu wako hapahapa Dar.

Nilipokwenda kwa mwanangu Mbagala kumpokea wa kwanza, nilikuta karatasi imebandikwa mlangoni mwa friji. Namba moja usifanye hiki, namba mbili usifanye kile, mpaka namba kumi na nne. Nimezaa sita, nimezalisha wanawake kijijini kwa mikono hii, nikasomeshwa na karatasi kama mfanyakazi wa siku. Niliondoka baada ya wiki. Mkwe wangu hakuwa mbaya. Siku hizi tunaelewana vizuri, lakini ile karatasi naikumbuka.

Mjue kitu. Mengi mnayotukataza tuliambiwa na kliniki yenyewe. Mimi wangu wa kwanza nilipewa maji ya glukosi hospitali, na muuguzi ndiye aliyeshika kijiko. Tulikuwa tunaambiwa uji miezi minne.

Muuguzi Mstaafu

Shikamoo bibi. Unasema kweli kabisa, na mimi ni mmoja wa walioshika kile kijiko. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa miezi minne hadi sita. Mwaka 2001 ndipo ukawa miezi sita kamili ya maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, baada ya kuonekana watoto wanaougua kuhara wanapungua. Kulaza mtoto chali nako ni hivyohivyo. Uingereza walianza kampeni 1991 na Marekani 1994. Kabla ya hapo hata huko madaktari walikuwa wanashauri kulala kifudifudi. Vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua sana. Kwa hiyo bibi hakukosea alivyolea, ni sisi tuliojifunza baadaye. Mwambieni hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu: mama, nguo za mtoto zilizotoka begini zikiwa na harufu ya naftalini, zifue na kuzianika juani siku nzima kabla ya kumvika, na zile punje zitoeni chumbani. Huku pwani watoto si wachache wanaozaliwa na upungufu kwenye chembe nyekundu za damu usioonekana kwa macho, na ile dawa inaweza kuzivunja, mtoto akawa wa manjano na damu ikamwishia.

Bibi wa Watano

Marahaba mwanangu. Naftalini hiyo sikuijua mpaka leo, na begi langu limejaa.

Mama Kifungua Mimba, mpe mama mkwe wako kazi zake ambazo ni zake kweli. Kumwogesha mjukuu awe yeye. Kumpigapiga mgongo abeue, yeye. Kumwimbia, yeye. Mtu akiwa na mahali pake hahangaiki kutafuta mahali kwa mlango wa nyuma.

Mama Kifungua Mimba

MREJESHO. Wakuu, nimechelewa siku nne, kulikuwa na mambo.

Nilimpa mume wangu simu asome uzi wote. Alisoma mara mbili, ya Pwani Mchangani alisoma zaidi. Jioni akaenda kukaa na mama yake uani. Mimi nilibaki ndani na mtoto, nasikia sauti tu. Baba Mapacha, alimuuliza lile swali lako.

Kumbe walizaliwa tisa. Wawili walikufa, na mume wangu alikuwa anajua habari za mmoja tu. Wa pili ni mtoto wa kike, alikuwa na miezi mitatu, mwaka 1987, wakati wa masika, barabara ya kutoka kijijini haipitiki. Alikohoa siku tano. Mama alikuwa anangoja mvua ipungue ampeleke zahanati. Alipokufa, mama mkwe wake, yaani bibi yake mume wangu, alimwambia mbele ya waombolezaji: "Umemuua wewe, ulichelewa kumkatisha kimeo." Waliozaliwa baada ya hapo akawa anawapeleka wakikohoa siku ya kwanza tu, na wakubwa nao akawakatisha.

Miaka yote hii amebeba hilo. Nami nilimpigia kelele getini.

Nilikwenda nikapiga magoti. Nilimwambia, "Mama, nisamehe kwa maneno niliyokutamkia mbele za watu. Kumzuia mtoto asikatwe sikuombi msamaha, nisingekuwa mama." Hakujibu. Alinyoosha mikono apewe mjukuu, nikampa. Alikaa naye kimya muda mrefu.

Kesho yake tulikwenda kliniki wote watatu na mtoto. Nesi akahesabu, 44, kifua safi, mafua tu. Mama mkwe akauliza, "Yule wangu alikuwa anahema hivi," akaanza kuhema mwenyewe, haraka haraka, mabega yanapanda. Hajasahau mwendo wa pumzi za mtoto aliyemzika 1987. Nesi alimshika mkono akamwambia ile ilikuwa nimonia, iliyo ndani ya mapafu, na kisu cha kooni kisingeifikia. Akamuuliza nesi, "Hata ningemuwahisha kwa yule mzee?" Nesi akasema, "Hata ungemuwahisha, mama. Haikuwa wewe." Kwenye bajaji ya kurudi hakuna aliyeongea. Alikuwa anafuta macho kwa pindo la kanga lilelile.

Tulichokubaliana, na mume wangu ndiye aliyesema, mimi nikiwepo: mdomoni mwa mtoto hakiingii kitu zaidi ya maziwa yangu na dawa iliyoandikwa na kituo. Mtoto hatoki getini bila mmoja wetu wawili kujua. Mwilini mwake hakuna chale wala wembe. Wanja umekwisha, maana niliambiwa mwingine una madini ya risasi. Hirizi ambayo mtoto alikuwa ameivaa shingoni niliomba itolewe, inaweza kumkaba usiku, mama mkwe akasema basi aifunge kwenye kitanda kwa nje, nikakubali. Kofia bado tunavutana.

Kuogesha mtoto sasa ni kazi yake. Mimi sitii mguu bafuni.

Na shemeji: jioni ile alirudi kazini akataka kumbeba mtoto kama kawaida. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akasimama mlangoni. "Wewe humshiki mume wangu mpaka ukapime hicho kifua." Kijana alikwenda kesho yake asubuhi bila ubishi. Mimi ningeongea mwezi mzima.

Pwani Mchangani

Nimesoma nikiwa kwenye daladala nimejifunika mtandio usoni. Mungu awalinde.

Baba Mapacha

Hongera kwa mumeo. Na wifi?

Mama Kifungua Mimba

Wifi bado. Mume wangu alimpigia, walikwaruzana. Mama naye alimpigia akamwambia afute alichoandika; amefuta, lakini kunisalimia hanisalimii. Sijui kama itapona na kwa sasa sina nguvu ya kuishughulikia.

Nafuatilia Tu

Umepanga vipi kurudi kazini? Wengi hatujui, sheria ya kazi inamruhusu mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Mama Kifungua Mimba

MREJESHO WA PILI. Wiki kumi.

Shemeji hana TB, ni kifua cha vumbi na sigara. Kapewa dawa na sigara anavutia nje ya geti. Jiko limehamia uani chini ya bati. Mtoto kapona, chanjo ya wiki ya kumi kachoma juzi, bibi yake ndiye aliyeshika kadi ya kliniki na kumjibu nesi kila swali, hadi uzito wa mwezi uliopita.

Zile saa mbili nimeongea na bosi, natoka mapema saa nane mchana badala ya saa kumi. Nakamua usiku na alfajiri, maziwa yanakaa kwenye friji, bibi anapasha chombo kwenye maji ya moto na kumnywesha kwa kikombe kidogo. Nilimwonyesha mara tatu, ya nne akanionyesha yeye nilivyokuwa nakosea kumkalisha mtoto, amelala mno, anaweza kupaliwa. Alikuwa sahihi.

Jana ndiyo nilianza kazi. Nimesimama kwenye daladala Buguruni, foleni haisogei, machozi yananilenga, maziwa yamelowesha blauzi. Simu ikalia. Mama mkwe kuandika ujumbe hajui, alituma sauti. Nyuma unamsikia muuza samaki anapita akiita, na karibu kabisa na simu unasikia pumzi ndogo.

"Mwanangu, nimemhesabu. Arobaini na moja. Amelala chali, kofia nimemvua. Wewe fanya kazi."